Siku Mbaraka Alipochelewa kwa Makusudi

Kijiwe chetu kipo Kilindoni, ubavuni mwa duka la fundi simu. Muhidini huleta dele lake la kahawa saa tatu asubuhi, na tangu hapo kazi za watu husubiri. Jumatano ile tulikuwa wanne: Muhidini, Suleimani, tunayemwita Injinia kwa kuwa anafungua mashine za boti na kila akifunga hubakiwa na nati mbili, Matano, aliyepewa jina la Wakili tangu alipoitwa kutoa ushahidi mahakamani na kesi ikaahirishwa kabla hajafungua mdomo, na mimi. Habari ya siku ilikuwa Albina. Dada huyu alikuja na kampuni moja ya Dar iliyotengeneza programu ya simu kwa wavuvi wa eneo la hifadhi ya bahari. Ukitoka unabonyeza “naondoka” na kuandika saa ya kurudi. Saa ikipita hujabonyeza “nimerudi”, zinalia simu za watu watatu uliowachagua, wakutafute. Uzinduzi ulikuwa kesho yake, fulana zimeshachapwa. Na Muhidini, aliyewapitishia kahawa asubuhi kule walikofikia, alisikia kwamba Albina amekataa kutia saini ya kuipitisha.

– Kwani saini yake ya nini? – aliuliza Injinia. – Yeye ndiye aliyeitengeneza?

– Yeye ni testa, – nikamwambia. – Wenzake wakishatengeneza, kazi yake kuiharibu.

– Kwa bahati mbaya?

– Kwa makusudi. Ameajiriwa hivyo.

Injinia akafikiri.

– Mimi nimeharibu mashine ngapi, hakuna aliyeniajiri.

– Kisheria, – alisema Wakili, – yule ni wa kulaumiwa. Kila kampuni lazima iwe naye mmoja.

– Hata chakula hali na wenzake, – alisema Muhidini. – Wao wanne meza moja, yeye peke yake na kompyuta. Akipita wananyamaza.

– Wanamwogopa.

– Hawamwogopi. Kila akifungua mdomo, kazi yao inaongezeka.

Injinia akasogea mbele.

– Nyie hamjaielewa ile programu. Wanataka kujua tunatega wapi.

– Zaidi ya hapo, – alisema Wakili. – Si mmewaona papa potwe, watafiti wanavyowafunga vifaa? Programu ni ileile. Sasa zamu yetu. Mimi nimeziona fulana, zina alama shingoni.

– Ile ni saizi, – alisema Muhidini.

– Ndivyo wanavyoanza.

Hapo akaja Mbaraka, suruali imelowa hadi magotini, begi begani. Akatoa salamu, tukaitikia, Muhidini akammiminia. Sisi tukaendelea na Albina. Mbaraka alikunywa kikombe kizima akitusikiliza.

– Mimi ndiye niliyeiharibu, – akasema.

– Umeiharibu nini?

– Hiyo programu. Juzi yule binti aliniomba nichelewe kwa makusudi. Jana saa mbili asubuhi nikabonyeza naondoka, nikaandika nitarudi saa nane mchana, nikaenda zangu kisiwani Bwejuu. Akaniambia nisimwambie mtu yeyote, ili jaribio liwe la kweli.

– Hata Mwanaharusi?

– Mke wangu nilimwambia. Kwa hilo niliomba ruhusa. – Akaweka kikombe chini. – Watu watatu wa kupigiwa niliwaandika nyinyi. Injinia, Wakili, Muhidini.

Wote watatu wakatoa simu. Mimi yangu ni ya tochi, sikutoa.

– Haikulia, – alisema Injinia.

– Najua. Nilikuwa pale. Saa nane imepita, saa kumi imepita, mimi nimekaa mchangani nasikiliza boti. Zilikuja mbili, zote zikapita zao. Jua likazama, nikaenda kulala kwa shemeji.

Tulikuwa bado tunazitazama simu Albina alipofika. Ni mwembamba, na macho yalikuwa mekundu.

– Shikamooni.

– Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

Akampa Mbaraka pole, akamuuliza amelalaje. Mbaraka akasema vizuri, ila mbu. Injinia, kama fundi kwa fundi, akamuuliza kosa liko wapi.

– Simu ikikosa mtandao, programu inahesabu kwamba safari imekwisha. Jana, mzee Mbaraka yuko Bwejuu, kwenye kompyuta yangu pameandikwa “amerudi salama”.

– Bosi anasemaje?

– Anasema mtu kuwa nje ya mtandao ni jambo dogo, litarekebishwa baada ya uzinduzi. Nikamwambia huko baharini karibu kote ni nje ya mtandao. Akasema nisipotia saini, yupo atakayetia.

– Na wenzako?

– Wanadhani nafurahia. – Alikizungusha kikombe mkononi. – Watu hudhani testa anaomba kitu kikosee. Jana tangu saa nane nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta naiomba itoe ule mlio. Ingelia tu, ningewapikia wote pilau.

– Utatia saini? – aliuliza Wakili, na safari hii hakusema kisheria.

– Sitii. Nimeshawaandikia. Pengine kesho wageni watakuwa wanashuka kwenye ndege, mimi napanda.

Haikuwa hivyo. Uzinduzi ulisogezwa wiki tatu, kosa likarekebishwa, na Albina akabaki. Lakini asubuhi ile hakuna aliyelijua hilo, hata yeye mwenyewe. Alifungua kompyuta yake magotini.

– Nimebakiza sehemu moja ya ripoti, – akasema. – Nataka kuonyesha watu wa huku hujuaje mtu hajarudi, bila simu. Kwa hiyo naomba mnisaidie. Jana programu iliponyamaza, nani alikuwa wa kwanza kugundua kwamba mzee Mbaraka hayupo, na ilikuwa saa ngapi?

Injinia alipeleka mdomoni kikombe kitupu. Wakili akaitazama tena simu yake. Muhidini akaanza kufuta vikombe vilivyokuwa vikavu. Mimi nilikumbuka kwamba jana jioni tulicheza karata hapahapa, Muhidini akigawa kahawa, mtu wa nne akakosekana, tukamwita mpita njia akae. Alicheza vizuri. Tulimsifu.

Mbaraka alitutazama mmoja mmoja.

– Naweza kupaacha wazi, – alisema Albina.

– Usipaache, – alisema Mbaraka. – Andika.

Albina akaandika. Halikuwa neno refu.