Mtu wa Kumi na Mtu wa Mbili

Bwana asifiwe. Mwenyekiti ameniuliza habari mbele yenu wote, na mmeona nimekawia kujibu. Si kiburi. Neno "nzuri" lilishafika mdomoni, nikalirudisha. Kaeni vizuri niwaeleze sababu, chai yenyewe bado haijachemka.

Wengi mnajua kazi yangu hapa Marekani ni kutunza wazee, huko mji wa Bowie. Kazini sijawahi kuingia nimelewa, hilo nalisema bila haya. Lakini shifti ikiisha saa tisa mchana, nilikuwa naketi ndani ya gari nafungua chupa ya chai ambayo mke wangu alinijazia asubuhi, na ndani hamkuwa na chai. Chai nilishaimwaga zamani. Chekeni tu, hata mimi nilijiona mjanja. Ujanja uliisha siku niliyogonga sanduku la barua la jirani, binti yetu akiwa kiti cha nyuma.

Mama watoto hakupiga kelele. Alinifungia nguo kwenye begi akasema, "Nenda kwa binamu yako kule Landover. Ukimaliza programu ya kuacha pombe, rudi na cheti tuongee."

Basi nikaenda. Kila Jumamosi asubuhi tulikutana kikundi cha Waswahili: Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi. Kabla ya kutoka tulijaza fomu. Juma hili umekuwaje? Sifuri ni mbaya kabisa, kumi ni nzuri kabisa. Ndugu zangu, nawauliza, mtu aliyelelewa kwetu akiulizwa hali anajibu nini? Hata nyumba ikiwa inaungua nyuma yake, kwanza ni nzuri. Nikaandika kumi. Juma lililofuata, kumi. Wala sikuwa peke yangu, kikundi kizima tulikuwa watu wa kumi. Mimi nilidhani ule ni mtihani wangu, na nani hujipa sifuri kwa hiari?

Na saa tisa, ndani ya gari, chupa ilifunguliwa vilevile.

Likabaki juma moja nipewe cheti. Yule mama Mkongo aliyesimamia kikundi akaniomba nibaki nyuma, akapanga fomu zangu zote mezani.

"Bon, ndugu. Kila juma unaandikaka kumi. Yesu mwenyewe alilia. Weye haulie?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinimiminia chai, akaanza kunisalimu upya kama tuliokutana njiani. Habari ya kazi? Nzuri. Ya binti? Nzuri. Ya binamu? Ya wazazi? Nzuri, nzuri. Aliuliza mpaka mbuzi wa baba yangu kule Kakamega. Salamu zikaisha. Kisha akasema, "Lakini?"

Mnajua kwetu habari yenyewe huja baada ya salamu. Ikanitoka tu. "Lakini ninakunywa, mama. Hata jana." Nikalia mpaka chai ikapoa, kwa sababu niliona cheti kimekwenda, na nyumba yangu imekwenda nacho.

Akasema, "Hii karatasi haikupime weye. Inatupima siye. Ukiandika kumi, wakubwa wanasema kazi yetu inatosha. Sasa mi nitajua namna gani kama haikusaidie?"

Akanipa fomu mpya. Nikaandika mbili. Na mbili hiyo ilifanya kazi ambayo kumi zote zile hazikufanya. Tuliona wazi kuwa mkutano wa Jumamosi asubuhi haukuwa ukifika kwenye saa tisa yangu. Mama akanitafutia ndugu aliyeacha pombe kabla yangu, awe ananipigia simu kila shifti inapoisha. Alinipigia mpaka nikamchoka. Nikafika tatu. Nikateleza, nikarudi mbili, na mbili nikaiandika. Nikafika tano. Wenzangu nao kumi zao zikaanza kuporomoka. Wakubwa wakashtuka kwamba kikundi kimeugua ghafla, ikabidi mama awaeleze kuwa ndiyo kwanza tunaanza kupona.

Cheti sikupata. Nilipofika saba nikakaa hapo majuma kadhaa, nikabeba fomu zangu zote, zile za uongo na zile za kweli, nikampelekea mke wangu. Alizisoma akiwa amesimama mlangoni, moja baada ya nyingine. Za kumi alizipita haraka. Alipofika kwenye ile mbili ya pili akauliza, "Hapa kulikuwaje?" Nikamwambia yote, na hofu yangu yote.

Akasema, "Mtu wa kumi nimeishi naye miaka, na sikumjua. Huyu wa mbili, mwambie aingie ndani."

Namshukuru mama yule, ambaye hakuchoka kunisalimu. Namshukuru ndugu wa saa tisa, ambaye bado ananipigia. Namshukuru mke wangu, na Mungu aliyewaweka wote njiani mwangu. Ninyi nawaomba neno moja. Mkiniuliza hali, msiondoke na jibu la kwanza. Na ukipewa karatasi ikuulize kama umesaidiwa, iambie ukweli, maana nyuma yako kuna mwingine anayekuja kutafuta msaada palepale.

Mwenyekiti, uliniuliza habari. Juma hili ni saba. Jumanne ilikuwa ngumu, nitawasimulia tukinywa chai. Na wewe je, habari zako? Anza tu na nzuri, mimi sina haraka.