Monjia Kammoun Hakuwa Fundi Cherehani

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyemuumba Monjia bila kumwonea haya.

Kusoma karatasi msibani si desturi yetu, lakini yeye ndiye aliyetaka. Aliacha maagizo matatu: aombewe msamaha, mtu asiondoke bila kula kuskusi, na asisingiziwe kazi ambayo hakuifanya. Mawili ya kwanza hayakuleta neno. La tatu limenigombanisha na baba yangu, Mzee Taufiki, kaka wa marehemu. Jana aliniambia, "Widad, andika fundi cherehani, yaishe." Nikamjibu, "Baba, shangazi hata kutia uzi sindanoni alikuwa hajui." Akasema, "Ukisoma vingine, usikanyage kwangu tena." Basi nasoma vingine.

Marehemu Monjia binti Salah Kammoun alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Sfax, akiwa mtoto wa pili wa Salah, mkamuaji zeituni, na Mabruka, mama wa nyumbani. Alisoma hadi darasa la sita. Mwaka wa mwisho alikuja mkaguzi, na mwalimu akawaonya watoto waseme wanapewa maziwa kila asubuhi. Monjia alipoulizwa yana ladha gani, alisema, "Muulize mwalimu, bwana, ndiye anayeyanywa." Alichapwa viboko saba. Alikuwa akituonyesha viganja vyake na kucheka mpaka anafuta machozi.

Mwaka 1977 aliolewa na Mokhtar, mwashi. Hawakujaliwa mtoto, na mwaka 1982 akaachwa. Alirudi nyumbani akakuta baba yake ameshafariki na chumba chake kimejaa magunia.

Tarehe 3 Oktoba 1984 aliandikishwa polisi, akapewa kadi, akaingia kazini Nyumba Namba Sita, ndani ya ukuta wa mji mkongwe. Alifanya kazi ya ngono kwa kibali cha serikali miaka ishirini na saba, na kila wiki alipita kwa daktari. Nawajua mnaotaka niseme alilazimishwa, mpate kumhurumia na roho zenu zitulie. Yeye alisema hivi, nami naandika alivyosema: "Niliingia kwa sababu nilitaka kula. Nikabaki kwa sababu nilikuwa naijua kazi. Nauza saa zangu. Mwili wangu narudi nao nyumbani." Zilikuwepo siku mbaya. Mwaka 1991 mteja alimvunja mkono, na alipokwenda kushtaki aliulizwa alitegemea nini. Hilo nalo alitaka lisemwe.

Alipoacha kazi mwaka 2011 aliwakusanya wenzake sita, akawaambia, "Watu wanasimulia habari zetu kila siku na hawajawahi kukaa nasi. Tukasimulie wenyewe." Wenye ukumbi mmoja hapa mjini wakawakubalia kwa sharti wakae nyuma ya pazia, eti kuwalinda. Walisema mambo yao tarehe 8 Juni 2012, baadhi ya wageni wakilia. Kisha ikaletwa chai. Kutoka kwenye upenyo wa pazia Monjia aliona glasi za wageni zinarudi jikoni, na glasi zao saba zinatupwa kwenye ndoo ya taka, nzima nzima. Ndipo alipolivuta pazia mpaka ufito wake ukaanguka.

"Mimi ni Monjia Kammoun," alisema, "kahaba wa Nyumba Namba Sita. Mmetulilia vizuri, ahsanteni. Sasa nani ameogopa glasi yangu?"

Mmoja wa wenye ukumbi, mwanamke, akababaika: "Dada, ni usafi tu."

"Usafi! Mimi nimepimwa kila wiki kwa miaka ishirini na saba. Wewe mumeo alipimwa lini?"

Tangu siku hiyo hakusema tena nyuma ya pazia. Alikwenda Gabes, Kairouan na Tunis, akazungumza na wauguzi, wanasheria, hata na wanafunzi wa dini, ambao walimpa maswali magumu na walau glasi safi.

Na kwa kuwa tumefika kwenye glasi, majirani, nisikilizeni vizuri. Kila Idi ya kufungua mfungo, mlikuja hapa uani kula samaki wa chumvi na mchuzi wa sharmula. Mlisifu vile vitunguu vilivyoiva taratibu siku mbili, na zabibu, na karafuu isiyozidi. Mama yangu alipongezwa mwaka baada ya mwaka, na baba akainamisha kichwa. Mama yangu, Mungu amweke, sharmula ilikuwa ikimuungulia. Ile sufuria ilitoka Nyumba Namba Sita. Nilikuwa naifuata mwenyewe mlango wa nyuma, kwa sababu mwenye kuipika alikuwa haruhusiwi kuingia hapa. Mmeila miaka kumi na tisa, na mmenenepa.

Marehemu alianza kuugua ini mwezi Agosti mwaka jana. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitano. Mwoshaji wa mtaa alipata udhuru wa ghafla. Ameoshwa na wenzake, kwa upole ambao sijawahi kuuona.

Marehemu ameacha kaka mmoja, Taufiki, na watoto wanne wa kaka, ambao wote aliwasomesha. Ameacha pia dada zake wa kazi. Nilipowauliza kama niandike herufi za kwanza tu za majina yao, Bi. Khira alinikatiza: "Kwani mimi ni dawa ya kikohozi, niandikwe kifupi? Andika lote, na la baba yangu." Basi ni hawa: Khira binti Amara Dridi, Zina binti Lazhar Mathlouthi na Aljia binti Brahim Saadi. Wako mbele yenu, wamekaa. Atakayewaambia wasimame aniambie mimi kwanza.

Baba, mlango wako ukinifungia leo, sitalala nje. Khira amekwisha nitandikia.

Katika kusimulia kwake kote, marehemu alisema yake tu. Hakumtaja mteja hata mmoja, si alipofuatwa na waandishi, wala alipotukanwa barabarani na mtu aliyemfahamu vizuri sana.

Mola amrehemu Monjia, amkunjulie kaburi lake. Wanaume, njooni mbebe jeneza. Baadhi yenu mlimjua; yeye hakusema, nami sisemi. Mbebeni kwa heshima.