Shahada ya Dada, na Beji Iliyoletwa Juzi

Kamati ya mazishi imenikabidhi mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuandika maisha ya marehemu, na ikanisihi niandike kwa upole. Nimejaribu. Mtakaposikia ukali, mjue ni wangu. Marehemu mwenyewe alikuwa mpole kupita kiasi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1974, mtoto wa kwanza wa mama yetu mshonaji na marehemu baba yetu, karani wa posta. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1992 na akafaulu kuendelea. Lakini baba alikuwa ameshafariki, na nyuma yake tulikuwa wadogo wanne. Akaacha masomo ili sisi tusome.

Mwaka 1994 aliajiriwa hotelini kutandika vitanda. Miaka ikapita, akawa ndiye anayewaonyesha kazi mameneja wapya wa vyumba, na kila mmoja akishaijua kazi, anakuwa bosi wake. Alipouliza kwa nini yeye hapandishwi, jibu lilikuwa lile lile: "Huna shahada, mama."

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1997 na shemeji yetu, fundi wa kuchomelea vyuma. Asubuhi ya kwanza ya ndoa alimwamsha mumewe ili akunje upya pembe za shuka. Shemeji akaja kutulalamikia: "Nilidhani nimeoa mke, kumbe nimeoa hoteli!" Walijaliwa mabinti wawili.

Mabinti walipokua, alijiunga na chuo, masomo ya jioni, kusomea shahada ya usimamizi wa hoteli. Tulimtania kwamba elimu haina mwisho ila magoti yanao. Shemeji ndiye aliyemfanyisha mazoezi, akikaa mezani na kujifanya mgeni mkorofi.

"Supu imepoa! Niitie meneja!"

"Meneja ni mimi, mheshimiwa. Na supu hiyo umeipika mwenyewe."

Alihitimu Novemba 2020, daraja la juu. Mama alilia ukumbini mbele za watu wala hakujali.

Hapo hoteli ikakosa kisingizio. Ikampa umeneja wa vyumba kwa majaribio ya miezi sita, bila beji, kwa sharti moja: akikosa kazi hata siku moja, kwa sababu yoyote ile, majaribio yanaanza upya. Na presha ilikuwa imeshamkamata. Akaenda kliniki, majaribio yakaanza upya. Akaenda tena na tena, na kila mara yakaanza upya. Kisha akaacha kwenda, na sisi akatuambia daktari amemruhusu. Nilimkuta siku moja miguu imevimba, nikamgombeza.

"Mdogo wangu, niache nimalize hii miezi," akasema. "Nikishapata beji nitatibiwa mpaka wanichoke."

Nina hasira. Nina hasira na aliyelitunga sharti lile, na waliolitekeleza, na wote waliomwona akishika ukuta koridoni wakampita. Msiniambie ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuandika sharti lile.

Alianguka kwa kiharusi kwenye chumba cha kufulia, akafariki hospitalini tarehe 5 Mei 2023.

Juzi meneja mkuu alikuja kutupa pole, akatoa beji mpya inayong'aa: Meneja wa Vyumba. Akaomba marehemu avalishwe. Mama aliigeuzageuza mkononi, kisha akamuuliza taratibu, "Mwanangu, kwani majaribio ameyamaliza?"

Mama akamrudishia beji yake. Dada tumemvalisha joho la mahafali, maana hilo alilipata mwenyewe.

Marehemu ameacha mama, mume, mabinti wawili na wadogo wanne. Ameacha pia wenzake wa hotelini ambao bado wako kwenye majaribio. Wamesimama pale nyuma na sare zao, na wametuomba tusichelewe kufukia, kwa sababu hawakupewa ruhusa.

Apumzike dada yetu kwa amani, na siku hii asihesabiwe kuwa amekosa kazi.