Mwalimu Rahab Kobia na Wanafunzi wa Benchi la Nyuma

Mwalimu Rahab Kobia anastaafu rasmi tarehe 30 Novemba 1988, baada ya miaka ishirini na minne ya kushika chaki, yote hapa Bulla Pesa. Alishuka kutoka Meru na sanduku la mbao na koti zito la baridi. Koti hilo hatujaliona likivaliwa hata siku moja.

Aliyefundisha katika mji huu anajua darasa letu lilivyo. Mbele anakaa mtoto kama Khadijo, binti wa mwenye duka, aliyejifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia sukari kabla hajajiunga na shule. Nyuma yake yuko kijana mwenye ndevu zinazochungulia, ambaye ameshika kalamu kwa mara ya kwanza jana. Wote darasa la tatu. Walimu wengi hufundisha wa katikati na kuwaombea waliobaki. Mwalimu Rahab hakuwa mtu wa kuomba saa za kazi.

Mwaka 1971 alitembelea wafugaji wa Biliqo, akaona watu wakipandisha maji: wamesimama ndani ya kisima, mmoja juu ya mwingine, ndoo zikipita mkono kwa mkono huku wakiimba. Akarudi na njia yake. Anayejua zaidi amfundishe anayemfuata, naye amfundishe wa chini yake, hivyo hivyo mpaka mwisho wa darasa. Hupewi somo jipya kabla hujamfundisha mwenzako la jana. Kelele ilikuwa ya soko la mbuzi. Mwalimu mkuu aliilalamikia mpaka matokeo ya mtihani yakaja, halafu akaanza kuiita majadiliano.

Mwaka 1985 aliletwa Tiya. Kiangazi cha mwaka uliotangulia kilikuwa kimemaliza ng'ombe wa kwao, na baba yake mdogo, Mzee Elema, akamleta mjini asome. Alikuwa mrefu kuliko wenzake, hajui herufi, na akawekwa wa mwisho. Muhula mzima hatukusikia sauti yake.

Kisha yakaanza mambo ya saa saba. Watoto wamekwenda kula, jua limenyamazisha hata nzi, na ndani ya darasa la tatu, lililofungwa kwa kufuli, sauti inasoma. Inasoma sentensi moja, inanyamaza muda wa mtu kujibu, halafu inasema, "Eeh, vizuri sana," kama Mwalimu Rahab mwenyewe. Naye Mwalimu Rahab yuko ofisini na sisi, kikombe mkononi. Tulimtazama. Alijitazama.

Mpishi wetu, Abiba, alikataa kupita upande ule. "Mimi nimeandikwa kupika," alisema. "Majini watafute mpishi wao." Karani alitumwa kukagua kufuli, akarudi na habari kwamba kufuli ni zima. Hakuulizwa zaidi, naye hakujitolea.

Mwalimu Rahab ndiye aliyezunguka hadi dirisha la nyuma, lisilokuwa na kioo. Ndani alikuwa Tiya, amesimama mbele ya mabenchi matupu, kitabu mkononi. Alikuwa akiita majina: Diimtu, Magala, Boora. Ni majina ya ng'ombe wao waliokufa. Katika mpango wa Mwalimu, wa mwisho hana wa kumfundisha, na sheria ni sheria. Basi mtoto alikuwa amejitafutia wanafunzi. Mwalimu alituambia majina hayakumtisha. Kilichomtisha ni kwamba Tiya aliponyamaza kungoja jibu, hata yeye pale dirishani alijikuta anasikiliza.

Wiki hiyo hiyo mkaguzi, Bwana Ephantus, alitangaza atakuja kupima kusoma, na asiyeweza atarudishwa darasa la kwanza. Mzee Elema akafika asubuhi na mapema.

"Salaam aleikum, Mwalimu. Huyu alipeleka ng'ombe mpaka Gotu peke yake. Leo akae na wanaojikojolea? Narudi naye."

Kule hakukuwa na ng'ombe wa kuchunga wala shule. Kulikuwa na kukaa tu. Mwalimu akamsihi angoje mkaguzi, akamweleza habari ya kisima. Mzee alicheka mpaka akaegemea fimbo.

"Mwalimu, wewe kisima ulikiangalia kutoka juu. Yule wa chini kabisa ndiye amesimama kwa maji!"

Akakubali kumwacha mtoto hadi siku ya mkaguzi. Kesho yake Mwalimu alimwita Tiya mbele afundishe anachokijua. Mchungaji huwa hahesabu. Anatazama kundi na kujua nani hayupo. Akapanga mawe ya rangi mbalimbali, akawafumbisha wenzake macho, akaficha mengine. "Nani amepotea?"

"Lakini mimi nilihesabu!" Khadijo akalia.

"Usihesabu. Wajue kwanza."

Hesabu za kutoa, zilizokuwa zimeishinda nusu ya darasa, ziliingia vichwani wiki hiyo. Tangu hapo Mwalimu Rahab hufungua kila Jumatatu kwa somo la mwanafunzi wa mwisho, liwe la kusuka kamba au la kujua mbuzi mgonjwa. Tiya akapewa kazi ya kutazama darasa kila asubuhi na kusema nani hayupo. Alianza mbele, akamalizia na benchi la nyuma, ambalo halikuwa na mtu, kisha akasema, "Wote wapo." Hakuna aliyemsahihisha.

Siku ya mkaguzi, Tiya alisoma sentensi ya kwanza bila kosa, akasimama, macho yake nyuma.

"Endelea," Bwana Ephantus akasema. "Unangoja nini?"

Khadijo ndiye aliyejibu, wala hakucheka. "Anangoja wa nyuma, Bwana. Wao wanasoma polepole."

Bwana Ephantus aligeuka kutazama. Alikawia kurudisha shingo. Akamwacha asome mpaka mwisho, kwa mwendo wa hao wanaongojwa. Akitoka alipita ukutani, kwa ubavu, kama mtu anayepisha mifugo. Hakurudishwa mtoto yeyote.

Leo Tiya yuko darasa la sita, na anafundisha wageni watatu kutoka Biliqo. Wako hai, karani amehakikisha.

Mwalimu Rahab, ahsante kwa kila mtoto uliyekataa kumwacha chini. Nenda na amani. Mvua ya Meru ije kwa wakati wake, magoti yasikusumbue, na wajukuu wakuachie usingizi. Shule nzima inakuombea uzee mtamu.