Sauti Yangu Langoni kwa Mama Nanyori

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, wazee wetu wa mila, akina mama, vijana mliofuata harufu ya nyama, na ndugu wageni waalikwa kutoka Karatu: nawasalimu wote. Naitwa Lembris, mwenyekiti wa kamati ya mnada, ingawa sauti yangu mnaijua hata mkifumba macho. Na hiyo sauti ndiyo iliyotuletea balaa.

Leo tunamuaga Mama Nanyori, aliyelinda lango la zizi la mnada hapa Malambo kwa miaka ishirini na miwili. Niseme ukweli, miaka yote hiyo tumegombana kwa sababu ya salamu. Ukimpigia simu kwa jambo la dakika moja, sharti kwanza mle habari, yaani mjuliane hali moja moja, kama tulivyofundishwa: watoto, majirani, mvua, mbuzi, na ndama aliyekataa kunyonya. Mimi nilikuwa namkatisha, naulizia ng'ombe wangu, nakata simu.

Mwezi wa tatu akapigiwa na namba ngeni. Sauti ilikuwa yangu. Si ya kufanana nami, ndugu zangu, yangu kabisa, na kikohozi changu ndani yake. Matapeli walichukua hotuba zangu ambazo vijana hawa huzirusha mtandaoni ili wanicheke, wakailisha kompyuta, nayo ikajifunza kuongea kama mimi. Ikamwambia kwamba nimebadilisha namba, nipo Karatu, na ng'ombe kumi na wanne wa Resiato wapakiwe kwenye lori lililokuwa langoni, mwenyewe ameridhia. Resiato ni yule pale mbele, mjane, na baada ya ule ukame hao ndio pekee waliombakia. Dereva alikuwa ameshafungua lori nyuma.

Mama Nanyori akafanya nini? Akasalimia! Sauti ikajibu habari za watoto, za mvua, hata za ndama, bila kuguna. Akagusia mguu wake unaomsumbua. Sauti ikasema, "Pole sana, mama. Hebu nieleze, unauma wapi?"

Hapo hapo akapiga kufuli lango, akawaita morani wa boma la jirani. Lori likaondoka tupu. Nilipofika nikamuuliza alijuaje, maana hata mke wangu angedanganyika. Akanijibu mbele ya kamati nzima:

"Mwenyekiti, miaka ishirini na miwili hujawahi kuniuliza mguu unauma wapi."

Mnacheka? Mimi siku ile niliona haya, tena sana. Wataalamu wametushauri tuwe na neno la siri kwenye simu, na tutakuwa nalo. Lakini jamani, mashine imekamatwa kwa sababu ina adabu kunishinda! Sasa nikianza uungwana leo, si mtanipeleka polisi?

Potelea mbali, nitajaribu. Mama, kamati inakupa kiti na blanketi. Resiato anakupa mtamba mmoja kati ya wale kumi na wanne, na amekataa kabisa kushauriwa vinginevyo. Mimi nakupa kile nilichokunyima.

Mama Nanyori, huo mguu unauma wapi? Eleza taratibu, simu yangu nimeizima. Ninyi wengine, asanteni kwa kunisikiliza. Sasa kaeni kimya, tumsikilize yeye.