Mzee Nabiswa na Krimu Mbili Nyeupe

Mzee Phares Nabiswa, mtoa dawa wa Zahanati ya Upendo hapa mtaani Jericho, anastaafu tarehe 30 Juni 1987 baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Wengine watamsifu kwa upole wake. Mimi, Javan Andati, ninayerithi dirisha lake la dawa, namsifu kwa kutotulia.

Wagonjwa wa ngozi walimjua kwa krimu mbili. Haidrokotisoni nguvu yake ni ndogo. Hata mtoto anaweza kupakwa usoni kwa siku chache. Betamethasoni ni kali: hutuliza upesi ukurutu sugu wa mtu mzima, lakini usoni, hasa kwa mtoto, hufanya ngozi kuwa nyembamba. Zote ni nyeupe, na zikishatoka kwenye makopo yake huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Zamani mgonjwa alikuja na chombo chake, akachotewa. Mwaka 1979 mgonjwa mmoja, Bwana Muturi, alileta mkebe mtupu wa mafuta ya mtoto, akatiliwa betamethasoni ya viwiko vyake. Nyumbani kwake nyanya wa mtoto akauona mkebe, akadhani ni mafuta ya mtoto, akawa anampaka mjukuu mashavuni kila asubuhi. Majirani waliyasifu mashavu hayo laini, wakaomba nao wachotewe kidogo kutoka mkebe huo. Baada ya wiki sita mashavu yalikuwa mekundu, mishipa inaonekana, na mama wa mtoto, Wangeci, akaja dirishani akilia.

Mzee hakumlaumu nyanya. Alisema kosa ni lake, akavua koti jeupe na kupita mlango hadi mlango akikusanya kila mkebe wenye krimu nyeupe. Kwa kuwa hakujua upi una nini, aliibeba yote kumi na minne, huku akina mama wakimnung'unikia kwamba amegeuka askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji wanaonyang'anya watu vitu vyao.

Ngozi ya mtoto ilirudi sawa baada ya miezi kadhaa. Mzee ndiye ambaye hakurudi sawa. Tangu hapo hakupokea mkebe wa mtu, na hakuna aliyeondoka dirishani kabla ya kuonyesha kwa kidole mahali atakapopaka. Mimi nilipofika nilikereka. Chai yake ilipoa kila siku kwa sababu aliinuka kukagua nilichotoa.

Juzi nilimhudumia mama mwenye mtoto mchanga. Nilimwomba aonyeshe kwa kidole mahali atakapopaka, kisha nikageuka kumtafuta Mzee aje akague. Alikuwa ameketi, ananiangalia, anakunywa chai yake ikiwa moto.

Asante, Mzee. Nenda salama nyumbani Kimilili, ukastarehe na mkeo, Mama Nabwire. Wasiwasi tuachie sisi.