Tiketi ya Kumuaga Mhifadhi wa Nasura

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Mchungaji wetu na Shehe wetu, ambao leo mmekaa meza moja na mmegawana kachumbari bila mgogoro. Ndugu Reginald, Mhifadhi Mkuu wa Bustani ya Maporomoko ya Nasura, ambaye leo anastaafu na ndiye tunayemuaga. Wazee wangu wa mlimani, shikamooni. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Lemara, Kaloleni na kwingineko mjini. Na ninyi akina mama mliopika pilau hii, ambao najua asubuhi mlikata tiketi ya burudani pale getini kabla ya kuja kumenya vitunguu: nawasalimuni nyote.

Mimi ni Mwalimu Aikande. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo msishangae nikiwakodolea macho mnaonong'ona. Kwa miaka minne nimekuwa katibu wa Kamati ya Ushauri ya Wananchi kuhusu Viingilio vya bustani hii, na nimeombwa nimsifu Ndugu Reginald. Nitamsifu. Kwa wageni mnaojiuliza kamati hiyo inafanya kazi gani, niseme tu kwamba hata sisi wajumbe tulijiuliza, ila tulijiuliza baada ya chai.

Kamati ilizaliwa mwaka tisini na mbili, wakati tulipoambiwa kwamba mambo ya bure yamekwisha na kila mtu achangie. Wafadhili waliotoa fedha za uzio wakasema hakuna kiingilio bila ushauri wa wananchi. Ndugu Reginald ni mtu mtiifu, akaanza kutafuta wananchi. Nikapatikana mimi na wazee watatu wa huku mlimani, akapatikana na Bwana Shamsudin, mfanyabiashara wa Kaloleni, awasemee watu wa mjini wanaokuja Jumapili kupunga upepo na kula nyama choma.

Kikao cha kwanza tulikaa palepale getini, tushauri kama kiingilio kiwepo au kisiwepo. Viti vilipangwa vizuri, sote tukaupa mgongo ubao mmoja mpya. Bwana Shamsudin, na kanzu yake nyeupe, akaegemea nyuma kidogo apumzike. Aliposimama, mgongoni alikuwa na tarakimu. Rangi ilikuwa mbichi. Bei ya tiketi ya burudani tuliyoitwa kuishauri ilikuwa imekwisha kuandikwa tangu asubuhi, na Bwana Shamsudin akarudi nayo mjini mgongoni, hivyo watu wa Kaloleni wakawa wa kwanza kupata habari.

Je, tuligoma? Hatukugoma, ndugu zangu, tulishauri. Na ushauri wetu ulikuwa mmoja tu. Tulisema mtalii alipe, na mtu wa pikiniki alipe, hatuna ugomvi. Lakini njia ya miguu inayokatisha ndani ya bustani hii ndiyo njia ya watu wa kitongoji cha juu kwenda sokoni, kanisani na hospitali ya Nkoaranga, tangu babu zetu, na ukiizunguka ni mwendo wa saa mbili zaidi. Wale hawaji kutazama maji yakianguka, wameyaona tangu wazaliwe. Waachwe wapite.

Ndugu Reginald aliandika yote kwa mwandiko mzuri, akafunga daftari, akasema maneno ambayo nimeyasikia katika vikao kumi na sita: "Ushauri umepokelewa, utafanyiwa kazi." Utagombana vipi na mtu mpole namna hiyo? Hewala haigombi. Tukanywa soda, tukasaini karatasi ya mahudhurio, na karatasi ileile ndiyo iliyopelekwa kwa wafadhili kuonyesha kwamba wananchi wamekubali. Kwa hiyo na mimi nimo katika lawama hii, maana sahihi yangu iko juu kabisa, nami nilipenda ile soda.

Sia, simama mama, watu wakuone. Masika ya mwaka tisini na tatu, dada huyu wa kitongoji cha juu alishikwa na uchungu, wanaume wanne wakambeba kitandani kumpeleka hospitali. Wakafika getini. Bwana Dismasi, mlinzi wetu, mtu mwaminifu mno, akauliza, "Mko wangapi?" Wakamjibu, "Sisi wanne, na mgonjwa." Akasema, "Basi watano." Baba mkwe wa Sia akamwuliza kwa upole, "Na huyu aliyelala naye anaburudika?" Bwana Dismasi akatazama ubao, akasema, "Mzee wangu, hapa hapajaandikwa habari za aliyelala."

Wakaanza kupapasa mifuko. Mtoto hakusubiri. Alizaliwa kwenye benchi la geti, na Bwana Dismasi, Mungu ambariki, akavua koti lake la kazi akamfunika. Na tuseme haki: mtoto hakutozwa chochote, kwa kuwa ubao unasema watoto chini ya miaka mitano ni bure. Nilipoitwa nikafika, nilikuta damu kwenye benchi na tiketi tano zimekwisha kuchanwa. Mnacheka, na mimi nimesimulia ili mcheke, lakini siku ile nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo. Mtoto mwenyewe ndiye Elifuraha, yule anayelamba mchuzi pale. Ana miaka mitatu sasa. Baada ya miaka miwili ataanza kulipa apite mahali alipozaliwa.

Sasa niingie kwenye sifa. Ndugu Reginald aliupenda mlima wetu kwa dhati, mpaka akanunua kiwanja kitongoji cha juu na kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye baraza pana. Ni nyumba nzuri, nawashauri mwende muione, mradi mlipe, maana iko ng'ambo ya geti. Yeye hajawahi kulipa. Landrova ya ofisi ilikuwa ikitokeza kwenye kona, Bwana Dismasi anapiga saluti na kizuizi kinapanda chenyewe.

Mwezi uliopita alikuja kwenye kamati, safari hii hakukaa mbele. Alikaa na sisi, akasema, "Wajumbe wenzangu, nimefikiri sana. Hivi wastaafu wanaoishi juu ya geti hawawezi kuruhusiwa kupita bure?" Wastaafu, jamani. Huko juu mstaafu ni mmoja, na hata huyo alikuwa bado hajastaafu. Habari za Sia hakuzigusa. Bwana Shamsudin akafuta miwani yake taratibu, akamjibu, "Ushauri umepokelewa, Mhifadhi, utafanyiwa kazi." Mkuki kwa nguruwe.

Ndugu Reginald, umepewa blanketi na umepewa mbuzi. Kamati nayo imekuja na zawadi, lakini itabidi uchague. Landrova inarudishwa saa kumi na moja, na sasa ni saa tisa. Kwa saa mbili zilizobaki wewe bado ni Mhifadhi Mkuu, na kanuni za bustani zinasema sahihi iliyoweka kiingilio ndiyo inayoweza kukiondoa. Mkono wangu wa kulia una barua ya sentensi moja: wakazi wote wa kitongoji cha juu wapite geti la Nasura bila kulipa. Kalamu anayo Sia. Mkono wa kushoto una tiketi moja ya burudani, ya jioni ya leo tu, ikufikishe nyumbani kwa miguu. Bwana Dismasi ameichana mwenyewe asubuhi, na amekataa kutupunguzia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakushukuru kwa uvumilivu wako. Na ninyi nyote asanteni kwa kunipa masikio yenu. Nimemaliza kusema, ila sikai mpaka mkono mmoja uwe mtupu.